Somo: Kumlea mbwa wa Kimalta bila manyoya kugeuka mkeka

Kila wiki wanachama wa kundi letu wananiletea picha ya mbwa mweupe aliyegeuka rangi ya matope, na swali lile lile: nimfanyeje? Leo naandika yote mara moja. Mimi si daktari wa mifugo. Nakaa Ruaka, ghorofa ya tatu, na jike la Kimalta anayeitwa Chumvi, miaka saba, kilo tatu na robo. Haya nimejifunza kwake na kwa daktari wake, na mengine nimejifunza nikilia.

Kwanza mjue mnamleta nani nyumbani. Wagiriki wa kale waliwaita mbwa wadogo wa mapajani "mbwa wa Melita". Aristotle alipotaka kueleza ukubwa wa mnyama mmoja wa jamii ya kicheche, alimlinganisha na mbwa huyu, kwa kuwa kila msomaji wake alikuwa akimjua. Melita yenyewe ni ipi, wazee wale hawakukubaliana. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki, alitaja kisiwa kilicho upande wa Sisilia, yaani Malta, pale merikebu ya mtume Paulo ilipovunjikia katika Matendo 27 na 28. Plinio naye, mwandishi wa Kirumi, akimfuata mshairi Callimachus, alisema ni kisiwa cha pwani ya Iliria, ambacho leo ni Mljet, nchini Kroatia. Huyu tunayemfuga sasa, mwenye manyoya ya kufika sakafuni, ukoo wake ulinyooshwa na wafugaji wa Ulaya katika karne ya 19. Chama cha wafuga mbwa cha Marekani, AKC, kilimwandikisha mwaka 1888. Kwa hiyo muuzaji akikuapia kwamba damu ya mtoto wake haijachanganyika tangu enzi za Warumi, mcheke kimoyomoyo.

Kitu kimoja hakijabadilika: huyu hakuwahi kupewa kazi nyingine. Hakuchunga kondoo wala kulinda zizi. Kazi yake ni kukaa na mtu. Ukimfungia bandani mchana na kumfungulia usiku alinde, kama tunavyofanya na mbwa wetu wengi, umenunua kelele na maradhi.

Hatua ya 1: Kumchagua

Mkubwa wa Kimalta huwa na kilo 3 hadi 4 kwa kanuni za FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa. Wamarekani wanataka awe chini kidogo zaidi. Hakuna aina nyingine inayoitwa "kikombe cha chai". Hilo ni jina la biashara la mtoto aliyedumaa, au aliyenyang'anywa mama kabla ya wakati ili aonekane mdogo. Mimi sichukui mtoto wa chini ya wiki 8, na kwa mbwa mdogo hivi, wiki 12 ni bora zaidi.

Nenda umwone mama yake, na umwone nyumbani kwake. Muuzaji anayetaka mkutane kituo cha mafuta, mtoto akiwa ndani ya katoni, ana jambo analificha. Chumvi nilimpokea hivyo hivyo, na minyoo aliyokuja nayo ingetosha kuvulia samaki. Sikurudia.

Hatua ya 2: Siku za kwanza

Mtoto wa kilo moja hana akiba mwilini. Akikosa mlo mmoja, au akipata baridi, sukari yake ya damu hushuka: anayumba kama mlevi, anatetemeka, analala hata ukimwamsha haamki. Mpe chakula mara nne kwa siku mpaka afike miezi minne hivi, na uweke asali karibu. Dalili zikianza, mpake asali kidogo kwenye ufizi kwa kidole, usimmiminie kooni, kisha nenda kwa daktari bila kungoja asubuhi.

Chanjo huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa hutolewa akitimiza miezi mitatu, kisha kila mwaka. Hata kama hatoki nje ya ghorofa. Kabla chanjo hazijakamilika, usimweke chini penye mbwa wengine, kwa sababu virusi vya parvo, vinavyoharisha damu, hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi.

Hatua ya 3: Choo

Wanasema mbwa wadogo hawafundishiki choo. Mshairi wa Kirumi Martial, karibu miaka 1,900 iliyopita, alimsifu Issa, kijibwa cha rafiki yake Publius, kwamba hakuwahi kudondosha hata tone kwenye shuka: alimgusa bwana wake kwa mkono amwamshe, ateremshwe kitandani. (Huko mtandaoni wanasema Publius huyu ndiye Publio mkuu wa Malta aliyempokea Paulo. Ni majina kufanana tu, na shairi halisemi Issa alikuwa wa kabila gani.)

Kwa hiyo wanafundishika. Shida yao ni kibofu kidogo tu. Mpeleke akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza, na kila saa mbili katikati, mahali pale pale. Sisi wa ghorofani tunatumia trei yenye magazeti barazani. Akifanya pale, msifu papo hapo. Akikosea, futa kimya kimya kwa maji na siki, maana harufu ikibaki anaiona kama kibali. Chumvi alichukua wiki tisa.

Hatua ya 4: Manyoya

Hapa ndipo watu wanaposhindwa, basi tulieni.

Mbwa wengi wana manyoya ya tabaka mbili, la juu gumu na la ndani laini. Mmalta ana tabaka moja tu, refu, laini kama hariri, linaloendelea kukua kama nywele za mtu. Kwa hiyo hapukutishi sana kwenye makochi. Lakini unywele unaokatika haudondoki. Unanaswa na wenzake, unavuta mwingine, fundo likaanza. Mahali penyewe ni nyuma ya masikio, kwapani, kati ya mapaja, na pale mkanda unaposugua.

Dakika kumi kila siku. Si saa nzima Jumamosi.

Mlaze pajani. Changanya maji na kondishena kidogo kwenye chupa ya kupulizia, umlowanishe kwa mbali tu, maana unywele mkavu hukatika. Gawa manyoya kwa mistari kama unayetaka kusuka, uanze chini tumboni ukipanda. Brashi kwanza, halafu kitana cha chuma. Kitana ndicho kinachosema ukweli: brashi hupita juu juu na mbwa akapendeza, kumbe karibu na ngozi kuna mkeka.

Ukikuta fundo, usilivute. Lishike kati ya vidole viwili karibu na ngozi ili maumivu yasimfikie, nyunyiza wanga wa mahindi, ule wa kupikia kastadi, kisha lichambue kwa ncha ya kitana kuanzia mwishoni mwa unywele kuelekea mwilini. La nyuma ya sikio la Chumvi huwa na ukubwa wa punje ya njugu. Nikilikuta leo ni dakika mbili. Nikiliacha mpaka Ijumaa, limeshika sikio zima.

Halafu sheria ambayo ningeichora ukutani: chana KABLA ya kuogesha. Mwaka wa kwanza, mvua za Novemba, Chumvi alirudi mwekundu mpaka tumboni kwa udongo wetu wa Kiambu. Nikamtia kwenye karai moja kwa moja, nikamsugua kama nguo. Fundo likilowa na kukauka linajikaza kama sweta ya sufu iliyofuliwa kwa maji moto. Kesho yake alinyolewa mwili mzima, akabaki kama panya wa shamba, na wiki nzima hakunitazama.

Kuogesha ni kila wiki mbili au tatu, maji ya vuguvugu, shampuu ya mbwa. Shampuu yetu sisi watu humkausha ngozi. Suuza mpaka maji yatoke meupe, kamua kwa taulo bila kusugua, kausha kwa mashine ya nywele iliyo kwenye joto la chini huku ukichana. Siku za mvua suuza miguu tu.

Nani amesema lazima awe na manyoya marefu? Hayo ni ya maonyesho. Mimi namkata yabaki sentimita mbili, kila wiki sita. Msimnyoe mpaka kwenye ngozi, ni ya waridi na jua linaiunguza.

Hatua ya 5: Macho, meno, kucha

Macho: kitambaa laini na maji yaliyochemshwa yakapoa, kila asubuhi. Kucha: ukizisikia zikigonga sakafuni, ni ndefu. Meno ndiyo balaa la mbwa wadogo, kwa kuwa meno 42 yamebanana kwenye mdomo wa kidole gumba. Piga mswaki kila siku kwa dawa ya mbwa, si ya kwako, kwa sababu baadhi ya dawa zetu zina zailitoli, kitu cha kutia utamu badala ya sukari, inayoua mbwa. Akifika miezi saba na meno ya utoto bado yamesimama kando ya mapya, yang'olewe.

Hatua ya 6: Chakula na kupe

Mkubwa wa kilo tatu anahitaji kama kalori 200 hadi 250 kwa siku. Chapati moja ya mafuta inazimaliza. Ndiyo maana "kakipande tu" ka kila mtu mezani kanamnenepesha. Ukimpikia, nyama au omena iwe na uwiano mzuri, na daktari akupangie madini. Unga wa mahindi yaliyoota ukungu usimpe hata kidogo: sumukuvu huua ini, na kupika hakuiondoi. Vitunguu, chokoleti, zabibu na mifupa ya kuku iliyopikwa ni mwiko.

Kupe huleta homa inayoua: ufizi unapauka, mkojo unakuwa kama chai ya rangi, hataki kula. Hiyo ni dharura. Tumia dawa ya kupe iliyoandikwa uzito wa mbwa wako.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Mwanza:* Shikamoo mwalimu. Mjomba ana dawa ya kuogeshea ng'ombe, anasema tone moja kwenye ndoo linatosha. Nitumie?

Marahaba. Hapana, mwanangu. Mjomba anapima kwa macho, na mnyama wake ana kilo mia tatu. Kosa dogo la kipimo kwa wa kilo tatu ni kifo.

*Kutoka Arusha:* Dada, chini ya macho kuna mistari ya rangi ya kutu. Muuzaji kaniambia nimpe antibiotiki.

Rangi hiyo ni porfirini, iliyomo kwenye machozi na mate ya mbwa wote. Kwa mweupe ndiyo inaonekana. Futa, kata vinywele vinavyoingia machoni, kagua meno. Ikiwa imeanza ghafla, au jicho moja tu, daktari aangalie. Antibiotiki kwa ajili ya urembo, hapana.

*Kutoka Eldoret:* Natoka saa kumi na mbili asubuhi, narudi saa moja jioni. Naishi peke yangu. Majirani wanalalamika analia.

Pole. Kulia kwake ni kwa haki, saa kumi na tatu ni nyingi mno. Mafunzo yapo: unatoka dakika mbili unarudi, tano, ishirini, bila kuaga wala kupokewa kwa shangwe. Hayo yanamzoeza kukaa peke yake kwa muda wa saa nne hivi. Baada ya hapo panahitajika mtu: dada wa kazi, shangazi, jirani mstaafu wa kushinda naye. Kama hayupo, mtafutie nyumba yenye watu.

*Kutoka Mombasa:* Assalaam alaykum. Watoto wanamtaka sana, lakini baba yao anasema mate ya mbwa ni najisi. Tufanyeje?

Waalaykum salaam dada. Mimi ni Mkristo, hukumu yake muulizeni sheikh wenu. Najua tu kwamba kwa madhehebu ya Shafii kinachoguswa na mate yake huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Niwape upande wangu: huyu huwezi kumwambia akae uani. Atalamba mikono na atapanda mapajani kila siku, kutwa. Kama hilo ni zito kwa baba watoto, msimlete mkitumaini atazoea. Paka je?

*Kutoka Thika:* Wangu anatembea vizuri, ghafla anainua mguu wa nyuma, anaruka hatua tatu, kisha kama hakuna kitu.

Hiyo ni pia ya goti inatoka kwenye mfereji wake na kurudi. (Wahenga waliipa pia ya goti jina kilegesambwa, nami sijawahi kukutana na jina lililopata mwenyewe kama hili.) Daktari ataipima daraja, 1 mpaka 4. Za chini hudhibitiwa kwa kupunguza uzito na kuzuia kuruka toka kwenye kochi, za juu ni upasuaji.

*Kutoka Machakos:* Nikimvuta kwa mkanda wa shingo anakohoa kama bata bukini.

Koo lake la hewa linabanwa. Vua mkanda wa shingo leo hii, tumia wa kifuani. Kikohozi kikiendelea, daktari.

*Kutoka Kitengela:* Ni kweli mbwa wa aina hii alirithi mamilioni?

Kweli. Trouble, wa tajiri wa hoteli Leona Helmsley wa New York, aliachiwa dola milioni 12 mwaka 2007. Jaji akazipunguza zikabaki milioni 2. Chumvi nitamwachia kitana.

*Kutoka Thika tena:* Tuone basi hizo sentimita mbili zinavyokaa!

Jumamosi. Leo kumenyesha na amepita kwenye dimbwi la mlangoni, bado sijamchana.