Jinsi ya kufuatilia historia ya kitabu cha mitumba

Ukipata kitabu kikuukuu, usikimbilie intaneti. Kikague chenyewe kwanza. Mimi huanza nyuma ya ukurasa wa jina, penye maelezo ya mchapishaji. Mwaka ulioandikwa hapo huenda ni wa chapa ya kwanza tu, si wa nakala uliyoishika. Tafuta mstari wa tarakimu, mathalani 10 9 8 7 6 5 4 3. Ndogo kuliko zote ndiyo namba ya chapa, kwa hiyo hiyo ni chapa ya tatu. ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, nayo husaidia: ilifanywa kiwango cha kimataifa mwaka 1970, na tangu 2007 ina tarakimu 13 badala ya 10.

Kitabu kisicho na mwaka, kipime kwa karatasi. Hadi katikati ya karne ya 19 karatasi nyingi zilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani, ndiyo maana bado ni imara. Zilizofuata, za mbao zilizosagwa kuwa rojo, nyingi zina asidi. Hugeuka manjano na kuvunjika kama majani makavu.

Ninachokipenda zaidi ni alama za wenyewe waliotangulia. Jina lililofutwa kwa raba huenda bado lipo: punguza mwanga chumbani, laza tochi kando ya ukurasa, na mikwaruzo ya penseli huenda ikaonekana kwa vivuli vyake. Ninacho kitabu cha hisabati ambacho mazoezi yake yamejibiwa kwa wino pembeni, na majibu yaliyokosewa yamesahihishwa kwa penseli, kwa mwandiko mwingine. Kwa kioo cha kukuzia nikaona penseli imepita juu ya wino, basi mwenye penseli ndiye aliyekuja baadaye. Mwalimu? Mnunuzi wa pili? Mwandiko wake umetulia, hana haraka. Nadhani ni mwalimu.

Ukikuta muhuri wa maktaba, angalia kama upo na ule wa kuondolewa kwenye orodha. Usipouona, waulize wenye maktaba kabla hujakiita chako.

Sasa ndipo uingie mtandaoni. WorldCat, orodha ya pamoja ya maktaba nyingi duniani, itakuonesha maktaba zenye kitabu hicho na matoleo yake. Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, huenda ina nakala ya kulinganisha na yako, hata ukagundua kurasa zilizong'olewa.

Usibandue lebo wala kuziba mpasuko kwa selotepu. Tikiti au barua iliyomo ndani ipige picha pamoja na namba ya ukurasa kabla ya kuitoa, kwa sababu mahali ilipokaa ni sehemu ya ushahidi.