Kumwanzishia nyama mbichi mtoto wa mbwa wa aina kubwa: ushauri kwa wafugaji wa Mtwara na Lindi

Mwenye ghala la korosho Masasi, mwenye mabanda ya kuku Mikindani na mkulima wa mihogo Nachingwea anayesumbuliwa na nguruwe pori, wote hufika wakati wakatamani mbwa mkubwa wa ulinzi, awe German Shepherd, Rottweiler au Boerboel mwenye asili ya Afrika Kusini. Mtoto wa mbwa huyo huletwa akiwa na umri wa wiki nane hadi kumi, mara nyingi baada ya safari ndefu ya basi kutoka Dar es Salaam, na jambo la kwanza analoulizwa afisa mifugo ni chakula. Siku hizi mfugaji huuliza akiwa tayari amesikia kwamba nyama mbichi ndiyo chakula cha asili cha mbwa, kwamba hujenga mifupa na kwamba humtia mbwa ukali.

Hilo la ukali tuliondoe mapema. Mbwa hawi mkali kwa kula nyama mbichi. Tabia yake hutokana na uzao na jinsi alivyolelewa na kuzoeshwa watu katika miezi ya mwanzo. Linalobaki ni la mifupa, nalo ni zito, kwa sababu nyama tupu haijengi mfupa hata kidogo. Mtoto wa mbwa anayelishwa steki kila siku, kwa upendo na kwa gharama, anaweza kuvunjika mguu kwa kuruka kizingiti tu.

Mlo wa nyama mbichi unawezekana, lakini katika mazingira yetu unahitaji vitu vitatu viwepo kwa pamoja: nyama iliyokaguliwa, friza isiyozimika, na kalsiamu iliyopimwa. Kimoja kikikosekana, ninamshauri mfugaji achemshe chakula cha mbwa wake, wala asione kwamba amemnyima kitu.

Mifupa ya mbwa anayekua

Mbwa wa aina kubwa huzaliwa na uzito wa takriban nusu kilo, na hufikisha kilo 30, 40 au zaidi kabla hata mifupa yake haijakomaa, kwani ukomavu huo humfikia kati ya mwezi wa 12 na wa 18, na kwa wale wakubwa mno huchelewa zaidi. Katika kipindi chote hicho ncha za mifupa ya miguu bado zina gegedu laini, na hapo ndipo mfupa unaporefukia. Mifupa hiyo huharibika kwa upungufu wa kalsiamu, na huharibika vilevile kwa ziada yake.

Upungufu huanzia kwenye nyama. Gramu 100 za nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa zina takriban miligramu 10 za kalsiamu na takriban miligramu 200 za fosforasi, ilhali mtoto wa mbwa anahitaji kalsiamu iliyo sawa na fosforasi au iliyoizidi kidogo. Mwili unapokosa kalsiamu katika chakula huichota kutoka katika mifupa yenyewe, ili damu, misuli na moyo viendelee kufanya kazi. Baada ya wiki chache mbwa huanza kuchechemea, nyayo hubonyea na kulala chini, hupiga kelele akiguswa mgongo, na mfupa mwembamba huvunjika bila kishindo.

Ziada nayo huletwa na mfugaji anayeogopa upungufu. Mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi sita hana uwezo wa kukataa kalsiamu iliyozidi tumboni. Sehemu kubwa yake huingia mwilini, ikamharibia ukuaji wa gegedu, na miguu ya mbele ikapinda au viungo vikaanza kuuma. Kwa hiyo chokaa ya kuku wa mayai na DCP, yaani unga wa kalsiamu na fosforasi wa mifugo, unaouzwa katika maduka ya pembejeo visichotwe kwa kijiko na kunyunyiziwa katika sahani ya mbwa kwa kukisia. Kosa huwa kubwa zaidi pale mbwa anapokula chakula kamili cha dukani cha watoto wa mbwa, ambacho tayari kimewekwa madini yote. Viwango vya chakula cha mbwa vinavyotumika Marekani vimeweka kikomo cha asilimia 1.8 ya kalsiamu, ikipimwa katika chakula kilichotolewa maji yote, kwa watoto wa mbwa watakaozidi kilo 32 wakikomaa, na kikomo hicho kiliwekwa kwa ajili ya mifupa hiyo hiyo ninayoizungumzia.

Tuchukue mfano wa mtoto wa mbwa wa wiki kumi mwenye kilo 8. Katika umri huo mlo wa nyama mbichi huwa kama asilimia 8 ya uzito wake kwa siku, yaani gramu 640 hivi, zikigawanywa mara nne. Katika hizo, mfupa wa kuliwa uwe kama asilimia 12, nao hupatikana kwa urahisi katika shingo za kuku, ambazo takriban theluthi yake ni mfupa; gramu 200 hivi za shingo zinatosha. Maini yasizidi asilimia 5, yaani kama gramu 30, kwa kuwa yana vitamini A nyingi ambayo ikizidi nayo huumiza mifupa. Sehemu kubwa iliyobaki ni nyama ya misuli, pamoja na samaki wa baharini waliopikwa mara mbili au tatu kwa wiki, kwa sababu milo ya namna hii inayotengenezwa nyumbani hupungukiwa mara kwa mara na madini joto, zinki, vitamini D na vitamini E. Mgawanyo huu ni wa kuanzia mazungumzo na daktari wa mifugo, ambaye atauongeza au kuupunguza baada ya kumwona mbwa mwenyewe.

Anayechagua kuchemsha asimpe mbwa mifupa iliyopikwa, kwa kuwa hupasuka vipande vyenye ncha vinavyotoboa utumbo. Badala yake atumie maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakakaushwa na kusagwa hadi yawe unga laini. Kijiko kimoja cha chai kilichojaa kina takriban gramu 2 za kalsiamu. Maganda hayana fosforasi ya maana, kwa hiyo yaambatane na nyama na dagaa. Dagaa wakavu wanaotwangwa wazima na mifupa yao ni hazina tuliyo nayo pwani nzima kuanzia Kilwa hadi Msimbati, ila wengi wao huchemshwa katika maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Waloweke, mwaga maji, kisha waloweke tena ndipo uwapike.

Mfugaji pia asishindane na jirani kwa ukubwa wa mbwa. Mtoto wa mbwa mnene hubebesha gegedu laini mzigo usio wake. Utafiti uliofanyika Marekani kwa mbwa 48 wa aina ya Labrador, ukawafuata maisha yao yote, ulionyesha kwamba waliolishwa robo pungufu ya ndugu zao waliishi karibu miaka miwili zaidi, na maumivu ya nyonga yaliwafika kwa kuchelewa. Mpime kila wiki, kwa kumbeba na kusimama naye juu ya mizani kisha kutoa uzito wako. Mbavu ziguswe kwa urahisi chini ya vidole bila kuonekana zimechomoza, na kiuno kionekane ukimtazama kwa juu. Asilimia ya chakula hushuka kadiri anavyokua: katika mwezi wa sita huwa karibu na 6, na akikomaa huwa kati ya 2 na 3.

Nyama inatoka wapi

Hapa ndipo ninapowaomba wafugaji wanisikilize kwa makini, kwa sababu madhara yake hayaishii kwa mbwa. Nyama ya kulisha mbichi itoke machinjioni, ikiwa imepita kwa mkaguzi na kupigwa muhuri. Nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe isiguswe kabisa, kwa kuwa kimeta humuua mchunaji kabla hajajua amekutana na nini. Nyamapori isiyo na kibali ni kosa kisheria, na hakuna aliyeikagua.

Siku za Idi, harusi na matanga, mbuzi huchinjwa nyumbani bila mkaguzi, na mapafu, maini yenye malengelenge na vichwa hurushiwa mbwa. Lengelenge lililojaa maji katika pafu au ini la mbuzi, kondoo au ng'ombe linaweza kuwa na vichwa vya tegu mdogo aitwaye ekinokokasi. Mbwa akilila, tegu hao hukomaa ndani yake na baada ya wiki sita hivi huanza kutoa mayai katika kinyesi. Mayai hayo hushika manyoya, mchanga na mboga. Mtoto wa nyumbani akiyameza huota uvimbe wa maji katika ini au mapafu, ambao hukua polepole kwa miaka na mara nyingi huhitaji upasuaji. Ubongo wa mbuzi nao unaweza kubeba tegu mwingine, yule anayesababisha mbuzi wazunguke upande mmoja hadi waanguke. Kwa hiyo viungo vya ndani na vichwa vichemshwe siku zote, kwa muda usiopungua dakika 45 tangu maji yaanze kutokota, hata kwa mfugaji aliyeamua kulisha nyama mbichi. Vyenye malengelenge vichomwe au vizikwe kina ambacho mbwa hawezi kufukua.

Nyama ya misuli igandishwe katika nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri kwa siku 7 hadi 10 kabla ya kulishwa. Friza ya kuuzia barafu na maji baridi, inayofunguliwa kila baada ya dakika chache, haifai kwa kazi hii, wala ile inayokaa saa nyingi bila umeme. Nyama iliyoyeyuka na kupata joto isirudishwe kuganda, ipikwe siku hiyo hiyo. Ieleweke pia kwamba baridi huua minyoo lakini haiui bakteria. Salmonela hutoka kwenye friza ikiwa hai, na shingo za kuku ni miongoni mwa vitu vinavyoibeba sana. Mbwa anaweza kuibeba bila kuugua na kuisambaza kwa mate na kinyesi. Nyumba yenye mtoto aliye chini ya miaka mitano, mjamzito, mzee dhaifu au mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka, isilishe mbwa nyama mbichi.

Katika nyumba nyingi za pwani yetu mbwa hukaa nje, na sahani yake, kisu chake na hata maji ya kumwoshea havichanganywi na vya watu. Desturi hiyo ya twahara ni kinga bora kuliko nyingi ninazoweza kuandika, na ningependa iendelee hata pale mbwa anapokuwa mpendwa wa watoto. Kwa joto letu, chakula kisichomalizwa ndani ya dakika 20 kiondolewe, na sahani ioshwe kwa sabuni na maji ya moto.

Samaki wabichi sishauri. Baadhi yao, hasa jamii ya dagaa, wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na mbwa anayelishwa hao kila siku huishia kuyumba na kupata degedege. Kupika huondoa tatizo hilo. Bunju asilishwe kwa hali yoyote, kwa kuwa sumu yake haiondoki kwa kuchemsha. Nyama mbichi ya nguruwe pia iachwe katika maeneo yenye mabanda ya nguruwe: virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika havimdhuru mbwa, lakini hudumu katika nyama iliyogandishwa, na mbwa anayeburuta mfupa hadi bandani anaweza kumaliza mtaji wa jirani.

Namna ya kuanza

Wiki ya kwanza baada ya kufika mwache mtoto wa mbwa ale alichokuwa akila alikotoka, hata kama ni ugali wa dona na dagaa. Safari, mahali papya na kuachana na mama vimemchosha vya kutosha, na ukibadilisha chakula siku hiyo hiyo hutajua kama kuhara kwake ni kwa chakula, kwa minyoo au kwa parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa watoto wa mbwa. Usianze pia katika siku za chanjo. Ratiba ya chanjo ya parvo na ya distempa, ugonjwa mwingine wa virusi wa mbwa, huanza wiki ya sita hadi ya nane na hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi afikishe wiki 16. Ya kichaa cha mbwa hutolewa akiwa na miezi mitatu, kisha hurudiwa kama daktari atakavyopanga. Dawa ya minyoo hutolewa kila mwezi hadi miezi sita, na kwa mbwa anayekula nyama mbichi iwemo praziquantel, ambayo ndiyo inayoua tegu, kila baada ya wiki nne hadi sita.

Kisha anza na aina moja ya nyama, kuku akipendelewa. Siku tatu za kwanza robo ya mlo iwe nyama, siku tatu au nne zinazofuata nusu, na endelea hivyo hadi siku ya 10 au ya 14. Shingo za kuku zianze zikiwa zimepondwapondwa kwa nyundo au panga safi, na mtu awepo anapokula. Mifupa minene ya miguu ya ng'ombe humvunja meno, hivyo isitolewe. Kinyesi kitakuongoza: kikiwa cheupe na kikavu kama chokaa, mfupa umezidi, kikiwa cheusi na laini, maini yamezidi, kikiwa cha maji kwa zaidi ya siku moja, au chenye damu, mpeleke mbwa kwa daktari bila kusubiri, kwa sababu mtoto wa mbwa hukaukiwa maji haraka sana katika joto hili.

Andika katika daftari uzito wa kila wiki, kiasi cha nyama, cha mfupa na cha maini. Siku atakapochechemea, usimpe kalsiamu ya ziada wala dawa ya maumivu ya binadamu. Mpumzishe, mpeleke kwa daktari wa mifugo, na ubebe daftari hilo, kwa kuwa litamwambia daktari mambo ambayo mbwa hawezi kuyasema.