Kifungua kinywa cha hisani kwa wanaowapa wasichana nafasi ya kuongoza: namna ya kukiandaa kuanzia kamati hadi hesabu

Hapa Tanga nimekuwa nikiratibu shughuli hii, ya kuwatuza watu hao na kuchangisha fedha za wasichana, pamoja na walimu walezi na wasichana wa sekondari. Vikundi vya mikoa mingine vinapouliza vianzie wapi, mara nyingi tayari vimeshataja ukumbi na mgeni rasmi. Hayo yana nafasi yake, ila si mwanzo. Mkitaka asubuhi hiyo iwanufaishe wasichana, waanze wao kushika kazi.

Hatua ya 1: Undeni kamati ambayo wasichana wana kura

Watu tisa wanatosha, na wanne kati yao wawe wasichana. Wapeni nafasi zenye mamlaka: makamu mwenyekiti, mweka hazina msaidizi, mshereheshaji. Msichana anayeitwa siku ya shughuli kusoma risala aliyoandikiwa na mwalimu hajaongoza chochote.

Shughuli ikifanyika Oktoba, msiwachukue wa kidato cha pili na cha nne, kwa kuwa wana mitihani ya taifa kuelekea mwisho wa mwaka. Kidato cha kwanza, cha tatu na cha tano wana nafasi zaidi. Pateni ridhaa ya mzazi kwa maandishi, na vikao viishe mapema ili kila mmoja afike nyumbani jua likiwa bado juu.

Hatua ya 2: Tarehe na saa

Tarehe 11 Oktoba ni Siku ya Kimataifa ya Mtoto wa Kike, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2011 na kuadhimishwa kwa mara ya kwanza 2012. Wiki hiyo viongozi na makampuni wanatarajia mialiko ya aina hii. Vikundi vya skauti wa kike hupenda 22 Februari, siku yao ya kimataifa, lakini angalieni kalenda: mwaka 2026 na 2027 tarehe hiyo imo ndani ya Ramadhani, na hakuna kifungua kinywa cha asubuhi kwa mtu aliyefunga.

Kuhusu siku ya wiki, Jumamosi inawaacha nje Wasabato, Jumapili inagongana na ibada, Ijumaa watu wana haraka. Kwetu tunachukua Alhamisi, saa 1:30 hadi saa 3:30 asubuhi. Mwenyekiti wa mtaa, meneja wa benki na mwenye duka la jumla wote wanaweza kupita hapo kabla ya kazi. Wasichana watakosa vipindi viwili, kwa hiyo ombeni ruhusa kwa mkuu wa shule kwa barua.

Hatua ya 3: Chagueni wa kutuzwa kwa tendo, si kwa cheo

Hapa msiharakishe. Wiki sita si nyingi.

Kwanza tofautisheni mtu anayewasaidia wasichana na mtu anayewapa uongozi. Anayenunua taulo za kike kwa shule nzima anafanya jambo jema na mnapaswa kumshukuru. Tuzo hii lakini ni ya yule aliyewaachia kiti, kipaza sauti au uamuzi. Ni mwenyekiti wa mtaa anayewaita wasichana kwenye mkutano wa hadhara wazungumzie maji au taa za njiani, na walilosema likaingia kwenye muhtasari. Ni mkuu wa shule aliyefungua nafasi ya kiranja mkuu igombewe na wote, mahali ambapo msichana alikuwa msaidizi kila mwaka. Ni kungwi anayewaambia wari na wazazi wao kwamba kuchezwa unyago si mwisho wa masomo. Mwenyekiti wa kituo cha bodaboda aliyewawekea madereva wake kanuni ya kutowasumbua wanafunzi naye anaingia, maana msichana anayeogopa njia hahudhurii kikao chochote.

Tengenezeni fomu ya ukurasa mmoja yenye maswali matatu. Alifanya nini hasa? Nani alishuhudia? Ni msichana gani leo anaongoza kitu kwa sababu ya tendo hilo? Swali la tatu ndilo linalochuja, na fomu isiyolijibu tunaiweka kando hata kama jina lililoandikwa ni kubwa.

Mtaletewa majina ya watu waliozuia ndoa za wanafunzi. Hao wana heshima yao, lakini tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu inampa anayemuoa mwanafunzi kifungo cha miaka 30, kwa hiyo kuzuia ndoa hiyo ni kutimiza sheria. Ulizeni alifanya nini baada ya hapo. Kama alimsindikiza binti kurudi darasani, akambana mzazi, na leo binti huyo yumo kwenye baraza la wanafunzi, basi mmepata mtu wenu.

Kisha fanyeni uchunguzi wa kimyakimya. Waulizeni wasichana wakiwa peke yao, bila walimu, kama kuna lolote linalowatia shaka kuhusu mtu huyo. Ulizeni kwa afisa ustawi wa jamii. Shaka ikiwa nzito, jina linaondoka bila kutangazwa, na kama kuna madai ya kosa, yanapelekwa Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Kumpandisha jukwaani mtu anayewaumiza watoto ni kuwaambia waliomo ukumbini wanyamaze.

Tuna kanuni moja ambayo siiachii: anayefadhili shughuli hatuzwi mwaka huo huo. Mtashawishiwa sana, na kwa maneno mazuri. Kataeni kwa adabu, mpeni mfadhili nafasi yake kwenye kadi na kwenye shukrani. Watuzwa watano wanatosha. Wakizidi, kila simulizi inakatwa katikati.

Hatua ya 4: Pigeni hesabu kabla ya kuchapisha kadi

Wengi huzidisha idadi ya wageni kwa bei ya kadi, wakafurahi. Chukueni mfano wa wageni 100 na kadi ya Sh 30,000. Inaonekana ni Sh 3,000,000. Lakini watuzwa watano na wenzi wao ni watu 10, wasichana ni 15, na wote hao hawalipi. Wanaolipa ni 75, yaani Sh 2,250,000. Tuseme chakula ni Sh 12,000 kwa mtu, jumla 1,200,000. Ukumbi, viti na spika 800,000. Ngao, kadi na usafiri wa wasichana 400,000. Matumizi yote ni Sh 2,400,000. Mmepata hasara ya Sh 150,000 na hakuna msichana aliyesaidiwa.

Sasa badilisheni mambo mawili. Tumieni bwalo la shule bure, mkodi viti na spika tu kwa Sh 250,000. Matumizi yanashuka hadi Sh 1,850,000, na mnabakiwa na 400,000. Tafuteni mfadhili mmoja alipie chakula chote, na kinachobaki kinafika Sh 1,600,000. Hayo ni kabla ya ahadi za ukumbini. Kwa hiyo barua ya kwanza mnayoandika ni ya bwalo, ya pili ni ya mfadhili wa chakula. Kadi zinafuata.

Pesa ziingie akaunti ya kikundi au lipa namba ya kikundi, kamwe si simu ya mtu binafsi. Na kusudi liwe moja, linalotajika kwa sentensi fupi: kambi ya mafunzo ya uongozi wakati wa likizo, au ada za mafunzo kwa wasichana kadhaa. "Kumwezesha mtoto wa kike" si kusudi ambalo mtu anaweza kulikagua.

Hatua ya 5: Barua na mialiko

Mtaarifuni mtendaji wa kata na afisa maendeleo ya jamii mapema. Watawaeleza taratibu za kuchangisha katika eneo lenu na kuwasaidia itifaki. Mgeni rasmi apewe barua yenye muda wa hotuba yake: dakika saba. Iandikwe hivyo hivyo. Wageni wengine wapelekewe kadi na wasichana wenyewe, wawili wawili wakiwa na mlezi. Mtu huona tabu kumkatalia msichana aliyekuja ofisini kwake, akajitambulisha na kueleza hesabu za shughuli bila karatasi.

Hatua ya 6: Chakula na meza

Wapeni kazi mama ntilie wa mtaa, mkubaliane kwa maandishi na kulipa malipo ya awali. Mbaazi za nazi na maandazi, mihogo, chapati, mayai, supu, chai ya maziwa na ya tangawizi, machungwa ya Muheza yakiwepo. Chai iwe mezani mgeni anapokaa. Msiwapange watu foleni, itawala nusu saa.

Meza msizipe namba. Zipeni majina, na kila moja iwe na kadi iliyoandikwa na msichana kwa mkono wake: Bibi Titi Mohamed, aliyewahamasisha wanawake kuingia TANU. Getrude Mongella, Katibu Mkuu wa mkutano wa wanawake wa Beijing mwaka 1995. Asha-Rose Migiro, Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 hadi 2012. Anna Makinda, Spika wa kwanza mwanamke wa Bunge letu, 2010. Rebeca Gyumi, aliyepinga mahakamani vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu binti kuolewa kabla ya miaka 18, akashinda Mahakama Kuu 2016, na Mahakama ya Rufani ikaafiki 2019. Wageni watazisoma kadi hizo wakisubiri chai, na mazungumzo ya meza yataanza penyewe.

Hatua ya 7: Asubuhi yenyewe

Saa 1:30 wageni wanakaa na kula. Saa 2:00 dua na sala, kisha utambulisho mfupi. Saa 2:10 tuzo zinaanza watu wakiwa bado wana vikombe mkononi. Kila mtuzwa aelezwe na msichana mmoja kwa dakika tatu: nini kilikuwepo, alifanya nini, nini kimebadilika. Msichana ndiye akabidhi ngao, na mgeni rasmi asimame pembeni. Itifaki italalamika kidogo, simameni imara.

Jambo moja nawaomba mlilinde kwa nguvu zote. Msimlazimishe msichana kusimulia maumivu yake ili watu watoe pesa. Tangu mwishoni mwa 2021 wanafunzi waliokatishwa masomo kwa ujauzito wanaruhusiwa kurudi shule, na huenda mmoja wao yumo kwenye kamati yenu. Asimulie kazi anayoifanya leo. Yaliyopita ni yake. Picha nazo: bila ridhaa ya mzazi iliyoandikwa, msichana hapigwi picha, wala picha yake haitumwi kwenye makundi ya simu.

Mtuzwa naye aseme dakika mbili, na aahidi jambo moja kwa mwaka ujao, liandikwe na kusomwa papo hapo. Baada ya hapo ndipo zije ahadi za fedha, dakika 15, kwenye fomu za mezani na lipa namba. Mnada wa kutaja majina na kuwaumbua wenye kidogo hatuufanyi. Mgeni rasmi, shukrani, saa 3:30 watu wanaondoka.

Hatua ya 8: Baada ya shughuli

Siku hiyo hiyo mweka hazina na msaidizi wake wahesabu pesa pamoja na kusaini. Wiki ya kwanza ni ya kufuatilia ahadi, kwa sababu zikipoa hazilipwi. Ndani ya wiki mbili kila aliyechanga apokee ukurasa mmoja: kilichoingia, kilichotumika, kilichobaki, na jina la kusudi. Wasichana ndio waandike na kusaini.

Miezi mitatu baadaye wasichana wawili na mlezi wao wamtembelee kila mtuzwa na karatasi ya ahadi yake. Kama mwenyekiti aliahidi viti viwili vya wasichana kwenye kamati ya maji ya mtaa, waulize kikao kijacho ni lini na nani wataingia. Majibu yaandikwe kwenye daftari la kamati, maana kamati ya mwaka unaofuata itaanzia hapo kuchagua watuzwa wake.