Kupanga waini kwenye sendofu yenye wageni wa dini na madhehebu tofauti

Kama uko kwenye kamati ya sendofu hapa Dar, usikimbilie kununua waini, uliza kwanza watu wanasali wapi. Wakatoliki na Waanglikana wengi hawana shida, ibada yenyewe inatumia divai ya zabibu, Walutheri wengi vile vile, ila mchungaji usimwekee glasi bila kumuuliza, hiyo ni busara tu. Wasabato wanafundishwa kutogusa kilevi, hata meza ya Bwana ni juisi ya zabibu isiyochachushwa, na walokole wengi ndo hivyo hivyo. Kwahiyo MC akiita shampeni kila meza iwe na chupa isiyo na kilevi, tena ifunguliwe mbele yao maana mtu akikuta glasi imeshajazwa anaanza kunusa nusa.

Mgeni Myahudi sasa, hapo tuliza akili. Dini haimkatazi, Ijumaa jioni Sabato inakaribishwa kwa baraka juu ya kikombe cha waini, na usiku wa Pasaka yao wanakunywa vikombe 4. Lakini anayeshika dini sana anataka yenye alama ya kosher, yaani imetengenezwa kwa kufuata sheria za dini yao, na kama sio ile iliyochemshwa, inayoitwa mevushal, akiimimina asiye Myahudi basi hainywi tena. We mpelekee chupa imefungwa afungue mwenyewe. Ya Dodoma tamu kweli, ila kama haina hiyo alama usimlazimishe.

Na wakianza kubishana, huyu harusi ya Kana ambako Yesu aligeuza maji kuwa divai, yule Mithali 20:1 inayosema divai hudhihaki, mwambie DJ aongeze mziki.