Kabla Fundi Hajapanda Paa: Asbesto katika Majengo ya Umma ya Zamani Jijini Nairobi

Anayesimamia shule, zahanati, soko au nyumba za watumishi zilizojengwa Nairobi kabla ya miaka ya 1990 na aanze kwa kudhani kwamba asbesto, madini yenye nyuzi yaliyochanganywa katika vifaa vya ujenzi, imo, mpaka uchunguzi uoneshe vingine. Wengi huyatambua yale mabati ya kijivu yenye mawimbi mapana, mazito kuliko ya chuma, yaliyoota ukoga mweusi upande usiopigwa sana na jua. Hata hivyo, paa si mahali pekee pa kutazama. Asbesto ilitiwa pia kwenye mbao za dari, mifereji ya maji ya mvua, mabomba yaliyofukiwa ardhini, matangi, baadhi ya vigae vya plastiki vya sakafuni, dohani, na vifuniko vilivyozungushiwa mabomba ya mvuke katika majengo yenye boila. Katika maabara za zamani, ule wavu wa waya unaowekwa juu ya moto kushikilia chombo cha kioo mara nyingi ulikuwa na duara jeupe la asbesto katikati, na sanduku la vifaa vikuukuu likifunguliwa leo huenda ukakutwa bado umo.

Ni vyema kuelewa hatari yenyewe ilipo, kwa sababu anayeogopa kila kitu na asiyeogopa chochote huishia kufanya kosa lile lile. Bati la asbesto kwa kawaida ni saruji iliyochanganywa na nyuzi za madini hayo, kiasi cha asilimia 10 hadi 15. Saruji ikiwa nzima, nyuzi zimefungwa ndani yake. Bati likivunjwa, likikatwa, likitobolewa au likisuguliwa, nyuzi hutoka, na zile zinazotisha zaidi zina unene usiozidi maikromita 3, ilhali unywele wa mtu huwa na kama maikromita 70. Jicho halizioni, pua haizisikii, na mapafu yakishazipokea hayana njia ya kuziyeyusha. Matokeo yake ni ugonjwa wa asbestosi, ambao hufanya mapafu yawe na makovu na kukakamaa, saratani ya mapafu, na mesothelioma, yaani saratani ya utando unaozunguka mapafu au tumbo. Magonjwa haya huchukua miaka 20, 30, hata 40 kujitokeza, na kwa mvutaji sigara hatari ya saratani ya mapafu huzidi kwa kiasi kikubwa. Fundi anayekata bati leo atashuka paani akiwa mzima na kusema kwamba hajadhurika, nasi tutamwamini.

Kwa hiyo mwanafunzi anayeketi chini ya paa la asbesto lisilovunjika hayuko katika hatari sawa na ya kibarua anayelivunja kwa nyundo. Nimehudhuria mkutano wa wazazi uliodai paa lote ling'olewe kabla ya Jumatatu, na nikawahurumia, kwa kuwa walikuwa wakiomba kwa nia njema jambo ambalo lingewadhuru watoto wao kuliko kuliacha paa lilivyo. Sisi wenyewe tulipokuwa watoto tulikuwa tukitupa vipande vya mabati hayo motoni ili tusikie vikilipuka, maana asbesto ya saruji ikipata moto hupasuka kwa kishindo na kurusha vigae pande zote. Vipande vilivyobaki tulivitumia kama chaki kuchora mistari ya mchezo sakafuni. Hakuna aliyetukataza. Kwa hiyo leo vipande vilivyozagaa kando ya ukuta, nyuma ya jiko la shule au chini ya mfereji ndivyo vya kwanza kuondolewa, tena kabla ya kuitisha kikao chochote kuhusu paa. Viloweshwe maji, viokotwe kwa mikono yenye glavu na mtu aliyevaa barakoa inayofaa, vitiwe ndani ya mifuko miwili ya plastiki nzito na kufungwa. Visifagiliwe vikiwa vikavu.

Hatua inayofuata ni uchunguzi. Hakuna mtu, hata mhandisi mzoefu, anayeweza kuthibitisha asbesto kwa kuitazama tu. Yapo mabati ya saruji yaliyotengenezwa kwa nyuzi nyingine yanayofanana nayo kabisa. Sampuli ndogo huchukuliwa na mtu aliyefunzwa, mahali palipoloweshwa kwanza, tundu lililobaki likazibwa kwa rangi au gundi, na sampuli ikapelekwa maabara kutazamwa kwa hadubini maalumu. Asitumwe askari wa lango kumega pembe ya bati kwa koleo. Pale ambapo fedha za maabara hazijapatikana, kitu kichukuliwe kuwa ni asbesto na kishughulikiwe hivyo.

Yatakayopatikana yaandikwe katika daftari: chumba gani, kitu gani, ukubwa gani, hali yake siku hiyo, pamoja na picha, na daftari hilo lipitiwe upya angalau mara moja kila mwaka na baada ya kila dhoruba ya mvua ya mawe. Hapa ndipo mipango mingi huharibikia, na ningependa kukaa kidogo. Ripoti nzuri iliyojalidiwa hufungiwa katika kabati la mwalimu mkuu au la afisa wa kaunti, wakati mtu anayeihitaji ni fundi aliyeitwa kutundika feni, kufunga kamera ya ulinzi, kupitisha waya wa intaneti au kuweka paneli za sola. Kazi hizo ndogo hazina tangazo la zabuni wala mkutano wa kukagua eneo. Fundi huja saa tatu asubuhi na drili yake, hutoboa matundu manane darini, hupangusa vumbi kwa kofia, na saa tano ameshalipwa. Pendekezo langu, ambalo halihitaji bajeti, ni kwamba nakala ya ukurasa mmoja ya daftari hilo, pamoja na ramani ya majengo iliyotiwa rangi nyekundu palipo na asbesto, iwekwe langoni kando ya kitabu cha wageni, na kila fundi aisome na kutia sahihi kabla hajaruhusiwa kuingia na vifaa vyake. Alama ya onyo ibandikwe pia kwenye mlango wa kupandia darini.

Baada ya hapo huja uamuzi wa kuliacha bati, kuliziba au kuliondoa. Bati lililo zima, lisilofikiwa na mikono na lisilopangiwa ukarabati wowote laweza kuachwa na kuangaliwa. Lenye nyufa chache au uso ulioanza kuchakaa laweza kupakwa rangi maalumu ya kuzibia, kwa sharti kwamba halitasuguliwa kwanza kwa brashi ya waya wala kuoshwa kwa mashine ya maji ya kasi ili kuondoa ukoga, maana kuliosha hivyo ni kulikwangua. Lililobomoka, linalovuja, au lililo juu ya jengo litakalobomolewa, liondolewe. Maji ya mvua yanayokingwa kutoka kwenye paa hilo huwatia watu hofu sana, lakini Shirika la Afya Duniani halijapata ushahidi thabiti kwamba asbesto inayomezwa katika maji ya kunywa hudhuru. Mimi ningetilia shaka zaidi tope la mferejini, ambalo likikaukia juani na kuzolewa kwa mikono hugeuka vumbi.

Ikiwa uamuzi ni kuondoa, karatasi zitangulie ngazi. Kanuni za Usimamizi wa Taka za mwaka 2006, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999, zinaihesabu asbesto kuwa taka ya sumu. Maana yake ni kwamba Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, iarifiwe, msafirishaji awe na leseni yake, na kila shehena iende na hati ya ufuatiliaji inayoonesha ilikotoka, aliyeibeba na aliyeipokea. Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini nayo ihusishwe, kwa kuwa sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 inawalinda vibarua watakaopanda. Mkandarasi aulizwe, kabla ya kupewa kazi, taka ataipeleka wapi, na jibu la Dandora, jaa la taka za kawaida za jiji, lisikubaliwe.

Bei ya kutupa iandikwe katika makadirio kama kifungu chake chenyewe. Ikifichwa ndani ya gharama ya jumla, mwenye zabuni ya chini atakuwa yule ambaye hakuihesabu. Bati la unene wa milimita 6 huwa na uzito wa karibu kilo 15 kwa mita moja ya mraba, hivyo paa la mita 200 za mraba litatoa kama tani 3, na tani 3 haziwezi kupotea bila mtu kuziona. Katika shule moja ya msingi upande wa Eastlands niliyoitembelea miezi miwili baada ya paa jipya kuezekwa, sikuhitaji kuuliza mabati ya zamani yalikwenda wapi. Moja lilikuwa mlango wa banda la kuku, mawili yalikuwa ukuta wa kibanda cha kuuzia mboga, na mengine yalikuwa yamepondwapondwa na kumwagwa kwenye dimbwi la njiani ili wanafunzi wasikanyage matope. Mkandarasi aliyagawa bure, na majirani walimshukuru.

Kalenda nayo ina neno. Kazi ifanyike majengo yakiwa matupu, jambo ambalo kwa shule ni likizo ya Aprili, Agosti au mwisho wa mwaka. Aprili ni masika, na bati lenye ukoga likilowa huteleza kama samaki. Agosti ni kukavu, lakini likizo ni fupi na mkandarasi akichelewa wiki moja wanafunzi watamkuta bado juu. Likizo ya Novemba na Desemba ndiyo ndefu, nami ningeichagua hiyo na kusubiri mvua za vuli zipungue. Jambo linalosahauliwa ni maji. Njia ya kwanza ya kuzuia vumbi ni kulowesha mabati kwa mnyunyizo mwepesi wenye sabuni kidogo, na Nairobi ni jiji la mgao wa maji. Siku ya kung'oa ikiangukia siku ambayo bomba limekauka, kazi haitasimama, itaendelea kavu. Tangi lijazwe mapema au lori la maji likodiwe, na mkataba useme wazi kwamba pasipo maji hakuna kupanda.

Kuhusu wafanyakazi, barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii nyuzi hizi. Inahitajika barakoa ya kiwango cha juu cha kuchuja, kama FFP3, iliyojaribiwa usoni mwa anayeivaa. Mwenye ndevu hewa humpitia pembeni. Ovaroli ziwe za kutumia mara moja na kutupwa pamoja na taka, kwa kuwa ovaroli inayobebwa nyumbani kufuliwa humpelekea mke na watoto nyuzi. Pawe na mahali pa kuvulia na kuogea kabla ya kula. Skrubu na kulabu zenye kutu zikatwe kwa mkasi wa vyuma, si kwa grinda, na bati literemshwe zima kwa mikono au kamba badala ya kurushwa, kisha lifungwe tabaka mbili za plastiki nzito na kuandikwa onyo. Pamoja na tahadhari zote za vumbi, isisahauliwe kwamba kinachoweza kuua siku hiyo hiyo ni kuanguka. Bati la asbesto la miaka 50 halibebi uzito wa mtu, hata lionekane imara. Wapandaji watembee juu ya mbao pana zilizolazwa kutoka kenchi hadi kenchi, na wafungwe mikanda.

Majirani waelezwe tarehe, wafunge madirisha, waanue nguo na kuondoa vyakula vinavyouzwa kando ya ukuta. Eneo lizungushiwe utepe.

Kazi ikiisha, vumbi lililobaki lipanguswe kwa vitambaa vibichi au linyonywe kwa mashine yenye kichujio maalumu, na udongo wa juu chini ya kingo za paa ukaguliwe kwa macho hatua kwa hatua, kwani vipande huficha kwenye nyasi. Iwapo kazi ilifanyika ndani ya jengo, hewa ipimwe kabla ya watu kurudi. Uingereza hutaka isizidi nyuzi 0.01 kwa sentimita moja ya ujazo, na ni kipimo kinachofaa kuandikwa katika mkataba. Hati ya ufuatiliaji irudi ikiwa na sahihi ya mpokeaji ndipo malipo ya mwisho yatolewe.

Linabaki jambo la majina. Kila aliyepanda paani, awe fundi au kibarua wa siku moja, aandikwe jina, tarehe na saa alizofanya kazi, pamoja na matokeo ya uchunguzi wa kifua chake. Daftari hilo la majina litatakiwa magonjwa yatakapojitokeza, wakati ambapo mwalimu mkuu wa sasa atakuwa amehamishwa au kustaafu zamani, na huenda hata shule imebadilishwa jina. Kwa hiyo nakala moja ibaki katika jengo, ya pili iende kwa kaunti au wizara inayolimiliki, na ya tatu apewe kibarua mwenyewe mkononi jioni ile anapolipwa.