Kuchagua na Kuandaa Bunduki ya Marisau Inayojikoki kwa Uwindaji wa Bata Mzinga

Bata mzinga mwitu wa Marekani hulengwa kichwani na shingoni tu. Mwili wake umefunikwa kwa mabawa mazito na manyoya yaliyopangana kama vigae, kiasi kwamba marisau, yaani vile vichembe vingi vinavyotoka mtutuni kwa pamoja, yakimpata kifuani kutoka mbali humjeruhi tu, naye hukimbilia vichakani na kufia mahali asipoonekana; na hata yakimwangusha, huharibu nyama ambayo ndiyo sababu ya safari yote. Shabaha inayobaki ni nyembamba kama kifundo cha mkono wa mtu, nayo husogea mbele na nyuma kila ndege anapopiga hatua. Ushauri wote ulioko hapa unatokana na jambo hilo moja, na nimeuandika kwa ajili ya wasemaji wa Kiswahili waishio Marekani, ambao wengi wao, kama mimi, walizoea habari za kanga na kware kabla ya kumjua ndege huyu. Kanga huruka kwa kundi na mwindaji humfuata angani kwa mtutu. Dume la bata mzinga huitwa kwa sauti ya jike inayoigizwa, huja akitembea, na mwindaji aliyeketi akiegemea mti humlenga kwa utulivu kana kwamba ameshika raifo.

Kabla ya fedha kutoka mfukoni, sheria itangulie. Mkazi wa kudumu mwenye kadi ya kijani anaweza kununua bunduki kwa muuzaji mwenye leseni baada ya kujaza fomu 4473 na kuchunguzwa, lakini aliyeingia nchini kwa viza ya muda, kama ya masomo au ya utalii, amekatazwa na sheria ya shirikisho kuwa na silaha au risasi, isipokuwa awe na mojawapo ya ruhusa maalumu, ikiwemo leseni halali ya uwindaji iliyotolewa Marekani. Kila jimbo lina kanuni zake za msimu, za mafunzo ya mwindaji, za ukubwa wa marisau unaoruhusiwa, na mara nyingi za idadi ya risasi zinazoweza kukaa ndani ya bunduki. Usidhani kwamba kanuni ya risasi tatu unayoijua katika uwindaji wa bata maji ndiyo itumikayo hapa, kwa kuwa ile ni ya ndege wahamao, na bata mzinga si mmoja wao. Soma kijitabu cha mwaka huu cha jimbo lako. Katika bei utakayolipa imo pia kodi ya asilimia 11 ambayo mtengenezaji hutozwa kwa bunduki ndefu na risasi chini ya sheria ya mwaka 1937 iliyopitishwa kwa ajili ya kurejesha wanyamapori, na ndege huyu aliyekuwa ametoweka katika majimbo mengi ni miongoni mwa walionufaika nayo.

Bunduki zinazojikoki zimegawanyika katika makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza hutumia gesi: sehemu ya moshi wa baruti hupenya katika vitundu vya mtutu, husukuma pistoni, na pistoni hurudisha nyuma bolti, yaani kipande cha chuma kinachoziba nyuma ya mtutu, ili ganda tupu litoke na risasi nyingine iingie. Remington 1100, iliyoanza kuuzwa mwaka 1963, ndiyo iliyoufanya mfumo huu upendwe kwa sababu ya upole wa teke lake, na leo Beretta A300 na Mossberg 940 ziko katika kundi hilo. Kundi la pili, linalojulikana hasa kwa jina la Benelli ya Italia, halitumii gesi: bunduki inaporudi nyuma, bolti hubaki mahali pake kwa kitambo kidogo kwa uzito wake, hukandamiza springi fupi iliyo ndani yake, na nguvu ya springi hiyo ndiyo inayoendesha kazi yote. Bunduki za kundi hili ni nyepesi na hazichafuki upesi, ila hupiga teke kali zaidi.

Wauzaji watakueleza hayo yote. Wasilolitaja ni kwamba mwindaji wa bata mzinga hupakia bunduki yake gizani, alfajiri, huku ndege wakiwa bado wamelala juu ya miti iliyo karibu naye, na kwa kuogopa kelele huirudisha bolti taratibu kwa mkono. Katika bunduki nyingi za mfumo wa pili, bolti iliyorudishwa hivyo huweza kukosa kujifunga sawasawa, na kifyatulio kikivutwa husikika mlio mdogo tu, kisha hakuna kitu. Mimi nilipoteza dume mmoja kwa njia hiyo, akiwa yadi 20 mbele yangu, na alinitazama kwa muda kabla ya kuondoka kwa mwendo wa mtu aliyekumbuka shughuli nyingine. Ukichagua mfumo huo, iachie bolti ijifunge kwa nguvu zake zote ukiwa bado mbali na miti ya ndege, ikiwa kanuni za jimbo zinaruhusu kupakia saa hiyo, kisha isukume kwa kidole kuhakikisha imeingia hadi mwisho. Jihadhari pia na kuibebesha vitu vizito, kwa kuwa mfumo unaotegemea bunduki irudi nyuma kwa uhuru unaweza kusita uzito ukizidi. Kwa anayeanza, mimi ningependekeza ya gesi, mradi akubali kuisafisha pistoni yake.

Kuhusu geji, yaani kipimo cha upana wa tundu la mtutu, mawazo ya wawindaji yamebadilika sana. Hesabu ya geji ni ya kale: ukigawa ratili moja ya madini ya risasi katika tufe 12 zilizo sawa, kila tufe hutosha tundu la mtutu wa geji 12, ukigawa katika tufe 20, utapata tundu dogo zaidi la geji 20. Zamani aliyekwenda kumwinda bata mzinga kwa geji 20 alionekana mtu wa mzaha, na mwaka 1988 ilitokea risasi ya geji 12 yenye urefu wa inchi 3½ ili kuongeza marisau zaidi, pamoja na maumivu ya bega. Kilichogeuza mambo ni tangsteni. Lugha yetu inaliita dude zima linalopakiwa kwenye bunduki risasi, na madini meusi yaliyomo ndani yake risasi vilevile, hivyo nieleze wazi: madini ya risasi yana uzito wa gramu 11 hivi kwa kila sentimita ya ujazo, ilhali marisau bora ya tangsteni yanafikia gramu 18. Kwa sababu ya uzito huo, chembe ya tangsteni ya namba 9, yenye kipenyo cha milimita 2 tu, hupenya takriban kama chembe ya madini ya risasi ya namba 5, iliyo nene mara moja na nusu. Risasi ya geji 20 ya inchi 3 yenye wakia 1½ za namba 9 hubeba chembe zaidi ya 500, wakati risasi ya kawaida ya geji 12 yenye wakia 1¾ za madini ya risasi namba 5 haifikishi chembe 300.

Kwa hiyo bunduki ya geji 20 yenye uzito wa kilo 2.7 hivi inatosha kabisa, na katika vilima ambako utatembea kutwa nzima utaishukuru. Kikwazo ni bei, kwani risasi moja ya tangsteni hugharimu mara nyingi dola 10 au zaidi. Anayetaka kutumia madini ya risasi ya kawaida, au anayetaka bunduki moja kwa ndege wa kila aina, achukue geji 12 ya chemba (mahali risasi inapokaa nyuma ya mtutu) ya inchi 3. Chemba ya inchi 3½ sioni haja yake.

Urefu wa mtutu hausababishi marisau kukusanyika; hiyo ni kazi ya mfinyo wa mdomo wake. Chagua mtutu wa inchi 22 hadi 24, ambao haukwami kwenye matawi wala kwenye dirisha la hema la kujifichia. Usikubali mtu yeyote akukatie mtutu ulio nao, kwa sababu mtutu wa bunduki ya marisau ukipungua inchi 18 bila usajili wa serikali ya shirikisho huwa ni kosa la jinai. Kitako nacho kijaribiwe ukiwa umeketi chini dukani, magoti yamekunjwa na bunduki imelala juu ya goti, hata kama muuzaji atakushangaa. Bunduki nyingi za siku hizi huja na vipande vyembamba vya kuinua, kushusha au kurefusha kitako; vitumie mpaka shavu litue juu yake na jicho liwe sawa na mstari wa mtutu bila kunyoosha shingo.

Rekebisho lenye faida kubwa kuliko yote ni kubadilisha choki, yaani kipande cha bomba kinachofungwa kwa nyuzi ndani ya mdomo wa mtutu na kuufinya. Tundu la geji 12 la kawaida ni inchi 0.729, na choki za bata mzinga huushusha mdomo hadi karibu na inchi 0.660, kwa geji 20, yenye tundu la inchi 0.615, tafuta kati ya 0.555 na 0.575. Namba ndogo zaidi haimaanishi choki bora zaidi. Mfinyo ukipita kiasi, chembe hugongana na kutawanyika ovyo, na baadhi ya watengenezaji hutanua matundu yao kupita kipimo cha kawaida, hivyo choki ileile hufinya kwa kiasi tofauti katika bunduki mbili. Nyuzi za choki ziko za jamii nyingi zisizoingiliana. Nunua iliyoandikwa jina la bunduki yako, na kamwe usilazimishe iliyokaribia kuingia. Marisau ya chuma yasipitishwe katika choki hizi finyu, na kabla ya kutumia tangsteni hakikisha mtengenezaji wa choki ameiruhusu. Paka grisi kidogo kwenye nyuzi, na kila baada ya kupiga risasi chache, bunduki ikiwa tupu, angalia kama choki haijalegea.

Baada ya choki hufuata kilengeo. Bunduki nyingi huja na kishanga kimoja tu kwenye ncha ya mtutu, nacho kina hila yake: mwindaji aliyesisimka huinua shavu ili amwone ndege vizuri, jicho hupanda, na marisau yote hupita juu ya kichwa. Kilengeo cha nukta nyekundu kisichokuza picha humwondolea tatizo hilo kwa sehemu kubwa, kwa kuwa nukta hubaki juu ya mahali risasi itakapokwenda hata shavu likisogea kidogo. Baadhi ya bunduki zimechongwa mahali pa kukifungia moja kwa moja juu ya kiwiliwili cha bunduki, na hilo ni jema, maana kadiri kilengeo kinavyokaa chini ndivyo shavu linavyobaki mahali pake. Ikiwa yako ina matundu ya skrubu tu, funga reli fupi, safisha mafuta yote kwenye skrubu, tia gundi ya nyuzi na uzikaze kwa kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji. Nukta ya ukubwa wa 3 kwa kipimo cha MOA kinachotumika kwa vilengeo, inayofunika inchi moja na kidogo kwenye yadi 40, inafaa. Alfajiri punguza mwanga wake, la sivyo itameza kichwa cha ndege.

Sasa bunduki ipelekwe kwenye karatasi, na hapa ndipo wengi huona uvivu. Tafuta uwanja wa shabaha, vaa kinga ya masikio na macho, na uegemeze bunduki juu ya mifuko ya mchanga. Anza yadi 15 kwa risasi nyepesi za bei rahisi, ukirekebisha kilengeo mpaka kitovu cha marisau kikaribie nukta. Kisha weka karatasi yenye upana wa karibu mita moja kwenye yadi 40 na upige risasi ileile utakayowindia, maana risasi tofauti hupeleka marisau mahali tofauti. Chora duara la kipenyo cha inchi 10 mahali yalipobanana zaidi na uhesabu matundu. Wawindaji wengi hutaka yasipungue 100 ndani ya duara hilo. Yakipungua, sogea mbele yadi 5 na urudie, na umbali ambapo 100 zinapatikana ndio mwisho wa bunduki yako, hata kama jirani yako anasimulia habari za yadi 60. Pima pia umbali wa duara na mahali ulipolenga, urekebishe kilengeo tena. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, ama choki ama risasi. Mwishowe piga moja kwenye yadi 15 kwa choki hiyo hiyo, uone jinsi marisau yanavyotoka yamekusanyika kama ngumi. Ndege aliyekuja karibu mno ni rahisi kumkosa kuliko aliye yadi 30.

Mengine ni madogo. Bata mzinga huona rangi na mwendo kwa ukali wa kutisha, kwa hiyo mtutu unaong'aa ufunikwe kwa utepe wa rangi za magome na majani, nao uondolewe msimu ukiisha kwani hushika unyevu na kuleta kutu. Mkanda wa kubebea usiwe na rangi nyekundu, nyeupe wala buluu, ambazo ndizo rangi za kichwa cha dume wakati wa masika. Mwindaji mwingine akiona doa la rangi hizo likicheza kichakani anaweza kukosea vibaya. Kifyatulio kiache kama kilivyotoka kiwandani. Siku moja kabla ya msimu kufunguliwa, piga risasi moja zaidi kwenye karatasi, kwa sababu bunduki iliyokaa nyuma ya gari wiki mbili ikirushwarushwa kwenye barabara za changarawe huenda kilengeo chake kimehama.