Namna ya kuandika habari za kiongozi wa mji aliyetawala wakati wa vita

Vijana wa kwetu Rumonge, na wale waliokulia Kigoma, huniuliza waanzie wapi wanapotaka kuandika habari za baba au babu aliyekuwa msimamizi wa komini (eneo la utawala ndani ya mkoa), yaani musitanteri, miaka ile ya vita vya Burundi. Wengi wanalo swali moja mkononi: alikuwa upande wa nani? Liwekeni mwisho. Mkimtolea mzee swali hilo mapema atanyamaza, na mkilijibu wenyewe mtakuwa mmeshatoa hukumu kabla ya kusikia habari.

Nitawaonyesha njia kwa mtu ambaye nyaraka zake zinapatikana, wa mji ninaoishi sasa: George William Brown, mwanasheria, aliyechaguliwa kuwa meya wa Baltimore, Maryland, Oktoba 1860. Nusu mwaka baadaye Wamarekani walianza kupigana wao kwa wao.

Kwanza chora ramani. Maryland ilikuwa jimbo la watumwa lililobaki ndani ya Muungano, yaani upande wa serikali ya Washington dhidi ya majimbo ya kusini yaliyojitenga, na reli ya kutoka kaskazini kwenda Washington ilipita Baltimore. Injini hazikuruhusiwa kukatiza katikati ya mji, kwa hiyo mabehewa yalikokotwa na farasi kupitia barabara ya Pratt, kutoka stesheni ya President Street hadi Camden. Nimeitembea njia hiyo kwa miguu. Ni fupi, kama maili moja hivi, na ukiitembea unaelewa ni kwa nini kundi la watu wenye mawe liliweza kuifunga. Tarehe 19 Aprili 1861 askari wa Massachusetts, jimbo la kaskazini, wakielekea Washington, walizuiwa hapo na watu walioegemea kusini. Wakafa askari 4 na raia 12. Brown alikwenda akatembea mbele ya msafara wa askari, akijaribu kuutuliza umati. Nanyi fanyeni vivyo hivyo: kabla ya kumhoji mtu, jueni soko lilikuwa wapi, kambi ya jeshi wapi, na barabara ya kwenda Bujumbura ilipita kilima gani.

Pili, chukua daftari, piga mistari ya safu nne: tarehe; cheo alichokuwa nacho; nani alimpa cheo hicho; nani alishika bunduki mjini siku hiyo. Safu ya nne ndiyo inayosahauliwa, na ndiyo inayofafanua mengi. Kwa Brown, Aprili inaonyesha polisi wa mji na vijana wenye hasira. Kuanzia tarehe 13 Mei inaonyesha jeshi la Jenerali Benjamin Butler, limekaa kilimani Federal Hill na mizinga. Ni meya yuleyule, ofisi ileile, lakini uwezo wake si ule tena. Septemba akakamatwa bila kufunguliwa mashtaka, akazungushwa katika ngome za kijeshi, Fort Warren ikiwa ya mwisho, akaachiliwa Novemba 1862.

Kwa upande wetu safu ya tatu ina uzito wa pekee. Wakati wa vita wasimamizi wa komini waliteuliwa kutoka juu. Baadaye, tarehe 3 Juni 2005, madiwani wa komini walichaguliwa na wananchi. Aliyeteuliwa baada ya kuuawa Rais Ndadaye Oktoba 1993 na aliyeteuliwa baada ya mapinduzi ya Julai 1996 hawakuingia ofisini kwa mlango mmoja. Msiwaandike kana kwamba walishika kazi moja.

Sasa jambo gumu: amri. Usiku wa kuamkia 20 Aprili madaraja ya reli kaskazini mwa Baltimore yalichomwa ili askari wengine wasifike. Brown alisema Gavana Thomas Hicks, aliyelala nyumbani kwake usiku huo, alikubali. Hicks akakana. Msichague mnayempenda. Andikeni kauli zote mbili, kila moja na tarehe yake, na mseme nani angepata hasara kwa kusema kweli. Kumbukumbu ya Brown mwenyewe ilichapishwa mwaka 1887, akiwa jaji mkuu wa mahakama ya mji, miaka 26 baada ya tukio. Mtu anayejieleza baada ya muda huo anaeleza pia heshima yake ya uzeeni. Baba yangu mkubwa, aliyekuwa msimamizi kusini mwa nchi, naye alisimulia hivyo, nami bado namheshimu na bado natafuta shahidi wa pili.

Kisha tafuteni wasioandikwa. Baltimore ya mwaka 1860 ilikuwa na watu weusi huru zaidi ya 25,000, na watumwa zaidi ya 2,000. Hakuna hata mmoja aliyempigia Brown kura, kwa kuwa sheria iliwakataza, lakini maisha yao yalitegemea nani angeshinda. Habari ya meya bila wao imekatwa nusu. Kwenu, waulizeni wanawake waliokuwa katika kambi za kukusanyia raia, na wavuvi waliovusha watu ziwani usiku. Musitanteri aliwapa karatasi ya kusafiria? Alidai nini? Nani alinyimwa?

Mkirekodi, ombeni ruhusa kwanza, na msitaje kilima (yaani kijiji) cha shahidi aliye hai kama bado ana majirani wa kuogopa. Majina ya waliouawa msiyachapishe kabla familia hazijakubali. Wekeni nakala ya sauti mahali pawili, moja nje ya nchi. Rasimu mpelekeeni mtu wa ukoo uliodhulumiwa aisome kabla ya ukoo wa mwenye habari, na anachopinga kiandikeni ndani ya habari yenyewe, kwa maneno yake.